Mota ya reluktansi na kisanduku chake: umeme unaobaki huenda wapi?

Maandishi ya mazungumzo kwa kamati za visima, mafundi wa pampu na wakazi wanaochangia miradi ya maji



Tangu Katiba ya 2010 ilipoziachia serikali za kaunti huduma za maji, maamuzi mengi yaliyokuwa yakifanywa mbali sasa hufanywa chini ya mti, hatua chache kutoka kwenye tangi. Kamati huketi na karatasi za bei mbele yake. Karatasi moja ina pampu ya mota ya kawaida. Nyingine ina mota ya reluktansi, na muuzaji ameandika kwa herufi kubwa kwamba haina sumaku, haina brashi na rota yake haina waya wa kuungua. Yote hayo ni kweli. Ambalo halijaandikwa kwa herufi kubwa ni kwamba mota hiyo haiwezi kuzunguka hata mara moja bila kisanduku cha umeme kinachoiendesha, kwamba visanduku hivyo ni vya namna nyingi, na kwamba tofauti ya kimoja na kingine inaweza kuwa tofauti ya tangi lililojaa na tangi kavu. Kwa sababu hiyo mazungumzo haya ni ya kisanduku zaidi kuliko mota.

Hata hivyo, mota yenyewe lazima ieleweke kwanza, na kwa bahati nzuri si ngumu kuieleza. Ndani kuna rota ya mabati ya chuma yaliyobanwa pamoja na kukatwa meno, basi. Upande wa nje kuna meno mengine, na kila jino la nje limezungushiwa koili ya waya wa shaba. Mota ndogo ya kawaida ya aina hii huwa na meno 6 nje na meno 4 ndani. Koili mbili zinazotazamana ni fezi moja, kwa hiyo fezi ni tatu. Fezi moja ikiwashwa, meno yake huwa sumaku na kuvuta meno ya chuma yaliyo karibu mpaka yasimame uso kwa uso. Hapo fezi hiyo inazimwa, ya pili inawashwa, rota inavutwa tena. Kila mzunguko mmoja wa rota unahitaji mivuto 12. Pampu inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji mivuto 600 kila sekunde, na kila mvuto uwashwe na kuzimwa mahali pake hasa. Koili ikichelewa kuzimwa, meno yakishapitana inaanza kuyavuta kurudi nyuma. Mota inageuka breki.

Wazo hili ni la zamani. Robert Davidson wa Aberdeen, Uskoti, aliweka mota ya namna hii kwenye gari la reli lililojaribiwa mwaka 1842 katika njia ya Edinburgh na Glasgow. Lilitembea mwendo wa takriban maili 4 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi soko. Kisha wazo likalala zaidi ya miaka mia moja, kwa kuwa hapakuwa na swichi ya kuwasha na kuzima koili kwa wepesi unaohitajika. Transista za nguvu ndizo zilizoliamsha, na mwaka 1980 Peter Lawrenson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mota hii inaweza kushindana na nyingine zilizokuwa sokoni. Ni sawa kabisa kusema kwamba mota hii ilisubiri kisanduku chake.

Sasa jambo lenyewe. Koili yenye umeme haitaki kukatwa ghafla. Ni kama mkokoteni uliojaa mchanga ukiwa mteremkoni: anayeusimamisha ghafla anaumia. Nguvu iliyomo kwenye koili wakati wa kuzima lazima ipate pa kwenda, la sivyo inapanda volti mpaka inavunja transista. Na nguvu hiyo si kidogo. Katika mota iliyobuniwa vizuri, kwa kila vipimo 100 vya nguvu vinavyoingia kwenye koili, takriban 65 hugeuka kuwa mzunguko na 35 hubaki kwenye koili vikitafuta njia ya kutoka. Mota ambayo chuma chake hakishibi sumaku hurudisha hata nusu nzima. Swali la kumwuliza muuzaji yeyote, kwa hiyo, ni moja: umeme unaobaki kwenye koili huenda wapi? Aina zote za visanduku ni majibu tofauti ya swali hilo.

Jibu la kwanza, na la bei rahisi kuliko yote, ni kuuchoma. Kila fezi inapewa transista moja, na pembeni inawekwa rezista kubwa ya kula kilichobaki. Transista ni tatu tu kwa mota nzima. Fundi yeyote wa redio anaweza kuuelewa mchoro wake. Kwa kinyago cha kuchezea au mota ndogo ya maonyesho ya shule, hakuna ubaya.

Kwa kisima, hesabu ifanywe kabla ya kutia sahihi. Chukulia kisima ambacho maji yake lazima yainuliwe mita 80 hadi kwenye tangi, na kijiji kinataka lita 4,000 kwa saa, ambazo ni jerikeni 200 za lita 20. Kuinua maji hayo peke yake kunahitaji takriban wati 870. Pampu nzuri ya ukubwa huo hutumia vizuri kama asilimia 55 ya nguvu inayoipata, na mota pamoja na kisanduku kizuri asilimia 80. Ukigawanya, umeme unaohitajika ni takriban wati 2,000. Paneli za jua hazitoi nguvu yote iliyoandikwa mgongoni mwake, kwa ajili ya joto na vumbi, kwa hiyo paneli 8 za wati 350, jumla wati 2,800, ni makadirio ya busara.

Kisanduku cha rezista kinakula theluthi moja ya kile kinachoingia kwenye koili. Ili pampu ipate nguvu ileile, paneli 8 lazima ziwe 12. Paneli nne zinanunuliwa, zinapandishwa juu ya nguzo, zinawekewa mlinzi usiku, ili kupasha moto rezista.

Na kamati ikiamua kubaki na zile 8? Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kwamba nguvu ikipungua theluthi basi maji nayo yatapungua theluthi. Pampu ya mapanga haifanyi hivyo. Maji inayotoa hufuata kasi, kimo inachofikisha hufuata kasi mara kasi, na nguvu inayokula hufuata kasi mara kasi mara kasi. Nguvu ikishuka hadi asilimia 65, kasi inashuka hadi asilimia 87 hivi, na kimo hadi asilimia 75. Pampu ambayo uwezo wake wa mwisho ulikuwa mita 105 sasa inaishia kwenye mita 79. Tangi liko mita 80. Mota itazunguka, itanguruma, taa ya kijani itawaka kwenye kisanduku, na bomba litabaki kavu. Fundi ataitwa kuangalia pampu, wakati pampu haina kosa.

Jibu la pili ndilo linalotumika zaidi duniani kwa mota hizi. Kila fezi inapewa transista mbili, moja juu ya koili na moja chini yake, pamoja na daiodi mbili. Transista zote mbili zikiwashwa, koili inapata umeme. Zikizimwa zote mbili, umeme uliobaki unapita kwenye daiodi na kurudishwa kwenye kapasita kubwa iliyo mlangoni mwa kisanduku, tayari kutumiwa na fezi inayofuata. Hakuna kinachochomwa makusudi. Tena unarudi ukisukumwa na volti nzima ya chanzo, kwa hiyo koili inamwagika haraka na breki ile iliyotajwa haipati nafasi. Ikizimwa transista moja tu, umeme unazunguka taratibu ndani ya koili, na fundi wa programu anaweza kuchagua njia ipi kati ya hizo mbili kulingana na kasi, hata kupunguza kelele kidogo. Mota hizi zina kelele, jambo ambalo karatasi za bei halilitaji kamwe.

Mpango huu una faida nyingine inayostahili kuelezwa polepole. Katika inveta ya kawaida, transista mbili zimesimama moja juu ya nyingine kati ya waya wa chanya na wa hasi. Zikikosea zikawaka pamoja, ni shoti, na inveta imekufa. Katika kisanduku hiki koili yenyewe iko katikati ya transista mbili. Zikiwaka pamoja kwa bahati mbaya, umeme unapanda kwa kiasi ambacho koili inaruhusu, na ulinzi unapata muda wa kuzima. Vilevile kila fezi inajitegemea. Fezi moja ikifa, mbili zilizobaki zinaweza kuendelea kuzungusha pampu kwa nguvu pungufu, ingawa mota yenye fezi tatu ikisimama mahali pabaya inaweza kukataa kuanza tena bila kusogezwa.

Ubaya wake ni hesabu ya vipande: transista 6 na daiodi 6. Na kuna ubaya wa pili, wa nyaya, ambao utarudiwa hapa chini kwa sababu kwa kisima kirefu ndio mkubwa.

Jibu la tatu ni kushirikiana. Fezi zote tatu zinatumia transista moja ya juu, na kila moja inabaki na yake ya chini. Transista zinakuwa 4 badala ya 6. Umeme uliobaki bado unarudi kwenye kapasita, kwa hiyo hasara ya rezista haipo. Tatizo ni zamu. Fezi ya kwanza inapotaka kumwagika, fezi ya pili tayari inataka kujazwa, na yule mlinzi wa mlango wa juu ni mmoja. Akimfungulia wa pili, wa kwanza hawezi kutoka kwa nguvu yote. Anazunguka polepole ndani na kuvuta breki. Kwa kasi ndogo muda unatosha na hakuna anayegundua. Kasi ikipanda, mota inachoka mapema, inapata joto, na watu wanalaumu maji yenye chumvi. Wapo waliotafuta suluhisho la katikati: mota ya fezi nne, yenye meno 8 nje na 6 ndani, ambapo fezi zisizofuatana hushirikiana mlango, ya kwanza na ya tatu, ya pili na ya nne. Transista zinakuwa 6 kwa fezi nne, na kwa kuwa wanaoshirikiana hawafuatani, hawagombani. Kwa pampu, huo ni mpango wa heshima.

Mengine yaelezwe kwa ufupi. Kuna koili pacha: kila jino linazungushiwa waya mbili sambamba, mmoja wa kuingiza umeme na mwingine wa kuurudisha. Transista ni moja kwa kila fezi, lakini nusu ya nafasi ya shaba inakaa bila kazi wakati wa kuvuta, na transista inakabili volti maradufu ya chanzo na zaidi. Kuna kapasita mbili zilizogawana volti katikati: transista ni moja kwa fezi, lakini lazima idadi ya fezi iwe shufwa, kila koili inapata nusu tu ya volti, na fezi moja ikilegea pale katikati pa kapasita panahama. Na kuna kapasita ya kumwagia: umeme uliobaki unamwagwa kwenye kapasita ya pembeni, ambayo huwekwa karibu mara mbili ya volti ya chanzo, kisha transista ya nne inaurudisha taratibu. Ni werevu mkubwa kwenye karatasi. Shambani, transista hiyo ya nne ikifa wakati mota inazunguka, kapasita ya pembeni inaendelea kupokea bila kutoa. Ulinzi usipokata mara moja, volti inapanda mpaka kitu kipasuke.

Sasa mweka hazina wa kamati anaweza kuuliza, na ana haki: “Fundi, hiki cha transista tatu na hiki cha sita vyote wanasema vinavuta maji. Kwa nini tulipe zaidi?” Fundi mwaminifu hamjibu kwa maneno ya vitabu. Anamwambia: “Mama, omba wakiwashe hapa mbele yako na pampu ikiwa na mzigo kwa nusu saa, halafu usogeze mkono karibu na mbavu zake bila kugusa. Joto unalolisikia ni paneli zako.” Kisanduku chochote kitatoa joto kidogo. Cha rezista kitamfanya aondoe mkono.

Chanzo cha umeme nacho kina masharti yake. Visanduku vyote hivi hula umeme wa DC, ule wa betri na paneli unaokwenda upande mmoja. Kwa sababu hiyo paneli na mota ya reluktansi huelewana vizuri: hakuna haja ya kwanza kugeuza umeme wa jua uwe kama wa stima. Paneli 8 zenye takriban volti 39 kila moja zikifanya kazi, zikiunganishwa kwa mstari mmoja, zinatoa kama volti 312.

Lakini asubuhi kabla pampu haijawashwa, paneli hizohizo bila mzigo zinaweza kutoa volti 47 kila moja, jumla 376, na baridi huongeza. Volti ya paneli hupanda kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua. Mahali ambapo asubuhi ni nyuzi 5, kama inavyotokea Kinangop, ile 376 inakaribia 400. Kapasita iliyoandikwa 400V inakuwa ukingoni kabisa kila alfajiri yenye jua. Ya 450V inalala usingizi. Tofauti ya bei kati ya kapasita hizo mbili ni ndogo mno kuwa sababu ya kijiji kukosa maji.

Ukubwa wa kapasita ni muhimu vilevile, na hapa baadhi ya watengenezaji hubana. Paneli haziwezi kupokea umeme unaorudi, kwa hiyo kapasita ndiyo inayobeba yote. Katika mfano wa wati 2,000 na mivuto 600 kwa sekunde, kila mvuto unaingiza takriban juli 5 na kurudisha 1.8 hivi. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 ikipokea kiasi hicho, volti inapanda kutoka 312 hadi 318, na hakuna anayeshtuka. Ya mikrofaradi 100 inaruka hadi 365, mara mamia kwa kila sekunde, mchana kutwa. Zaidi ya hayo, kapasita za aina hii hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kisanduku kilichotundikwa kwenye nguzo ya chuma kikitazama magharibi, Garissa au Kitui, kinazeeka mara kadhaa kuliko kile kilicho ndani ya kibanda chenye hewa. Kivuli ni kipuri cha bure.

Penye stima, umeme wa fezi moja wa volti 240 hupitishwa kwenye rektifaya na kuwa DC ya hadi volti 339. Hiyo ni karibu na ile ya paneli 8, kwa hiyo kisanduku kimoja chaweza kutumia jua mchana na stima usiku kupitia swichi ya kubadilisha. Nyumba na vioski vingi vijijini vina fezi moja tu, na hii ni faida ya kweli: mota ya fezi tatu ndani, waya wa fezi moja nje. Umeme wa fezi tatu wa volti 415 ukipitishwa kwenye rektifaya hufika 587. Kisanduku cha 240 kikiunganishwa huko hakina cha kujitetea.

Rektifaya yenye kapasita haivuti umeme kwa utulivu. Inavuta kwa kugugumia, kwenye kilele cha kila wimbi. Ule mzigo wa wati 2,000 ambao ungepaswa kuvuta ampea 8.3 unaweza kuvuta karibu 13 kwenye rektifaya ya kawaida isiyo na kirekebishi. Mwenye jenereta asinunue ya kilovolti-ampea 2 kwa kuangalia neno wati. Mzigo wenyewe utafika 3.1, na jenereta ya 4 ndiyo itakayopumua. Ama betri, kwa kisima cha kijiji hazina kazi. Wati 2,000 kwa betri za volti 48 ni ampea 42, nyaya nene kama kidole, na betri za kubadilishwa baada ya miaka michache. Tangi kubwa huhifadhi jua la mchana kwa bei ya chini zaidi. Jua kali la saa 5 likifanya kazi yake, ni lita 20,000, jerikeni 1,000, na hazihitaji chaja.

Turudi kwenye nyaya zilizoahidiwa. Mota ya kawaida ya fezi tatu inashuka kisimani na nyaya 3 pamoja na ethi. Mota ya reluktansi yenye kisanduku cha transista 6 inahitaji nyaya 2 kwa kila fezi, jumla 6, pamoja na ethi. Kisanduku cha kushirikiana kinahitaji 4, huku ule wa pamoja ukibeba mzigo wa fezi zote na hivyo ukihitaji kuwa mnene zaidi. Juu ya hizo, kisanduku lazima kijue meno ya rota yako wapi, ama kwa kitambuzi chenye waya zake chini ya maji, ama kwa programu inayokisia kutoka kwenye umeme wa koili.

Kwa mita 100 za kebo hili si jambo dogo. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa takriban omu 0.74 kwa mita 100, kwenda na kurudi 1.48. Fezi ikibeba ampea 6, unapotea joto la wati 53 kwa fezi, wati 160 kwa zote tatu. Hiyo ni asilimia 8 ya umeme wote, imeachwa ndani ya kebo. Waya wa milimita 4 unapunguza hadi wati 100. Kebo yenyewe inapanda bei. Basi pale ambapo mota inakaa juu ya ardhi, kando ya mto, kwenye bwawa au kisima kifupi, kisanduku cha transista mbili kwa fezi hakina mshindani na hakuna sababu ya kubana. Pale ambapo mota inazamishwa mita 80, hesabu ya kebo iwekwe pamoja na bei ya kisanduku kabla ya kulinganisha, au ichaguliwe mota ambayo kisanduku chake kimefungwa ndani ya mota yenyewe na kebo inashusha DC tu kwa nyaya mbili na ethi. Hiyo ya mwisho ina raha ya kebo na karaha ya ukarabati: transista ikifa, pampu nzima inapandishwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo muuzaji wa mota hii hapendi liulizwe. Inveta ya mota ya kawaida ikiungua, inapatikana nyingine ya kampuni tofauti mjini, inaunganishwa, maji yanatoka kesho. Inveta hiyo haiwezi kuendesha mota ya reluktansi hata ikilingana wati na volti, kwa sababu imepangwa kwa namna nyingine ndani na haijui meno yako wapi. Kisanduku cha mota ya reluktansi kikifa, mota iliyobaki kisimani ni chuma na shaba mpaka kije kisanduku cha aina ileile. Koili zake fundi wa mtaani anaweza kuzifunga upya kwa urahisi kuliko za mota ya kawaida, kwa maana kila jino lina koili yake peke yake. Kisanduku hawezi. Kwa kijiji kilicho saa nne kutoka mjini kwa barabara ya vumbi, na chenye kisima kimoja, mota ya kawaida na inveta ya kawaida inaweza kuwa uamuzi bora, hata kama karatasi ya reluktansi inaonyesha faida. Kamati ikiamua reluktansi, kisanduku cha akiba kinunuliwe siku ileile na kiwekwe kwenye kabati la kamati, kikiwa kwenye mkataba na si kwenye ahadi.

Mwisho ni usalama. Paneli hazizimwi wakati wa jua. Swichi ya kutenganisha lazima iwe ya DC, kwa kuwa swichi ya kawaida ya stima ikifunguliwa kwenye volti 312 za DC inaweza kuendelea kutoa cheche mpaka iyeyuke. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Na baada ya kuzima, kapasita ya mikrofaradi 1,000 iliyojaa bado ina juli 48 kwa volti za kutosha kumtupa mtu mzima. Asubiriwe muda ulioandikwa kwenye mfuniko, kisha ipimwe kwa mita kabla mtu hajaingiza mkono. Kama mfuniko haukuandikwa muda wowote, kisanduku hicho kirudishwe dukani kabla ya kufungwa ukutani.